Maji Yapo: Mwongozo wa Kukata Shamba la Kahawa

Mwongozo huu ni wako wewe uliyerithi, uliyenunua, au uliyepata kwa njia ambayo wakili amekushauri usiieleze mbele za watu, ekari kadhaa kati ya Ruiru na Thika. Una mikahawa isiyolipa, una tingatinga la kukodi, na una shemeji anayejua kuvuta mstari kwa rula. Vifaa vimetimia. Habari za mvua, mteremko, udongo na njia za maji waachie watu wenye nafasi.

Sifa yangu ya kukufundisha ni moja: nilikuwa mteja. Mimi ni mtu wa Malindi niliyeletwa huku na kazi, na Januari ya mwaka 2013 nikanunua futi 40 kwa 80 nje kidogo ya Juja. Kila kosa lililomo humu nimelilipia, mengine taslimu, mengine kwa mkopo wa sako ambao bado tunaangaliana nao.

Rula kwanza

Nchi hii ukiitazama bila rula itakuchanganya. Inainama kutoka milima ya Nyandarua ikishuka kusini mashariki, na mito inateremka sambamba kama vidole vya mkono uliotandazwa: Kamiti, Ruiru, Theta, Thiririka, Ndarugo, Chania, Thika. Upande wa juu wa barabara kuu udongo ni mwekundu na mnene, unakunywa mvua polepole na kuitunza. Ndiko walowezi walikopanda kahawa. Upande wa chini, ukielekea Juja Farm na Gatuanyaga, nchi inatandaa na udongo ni mweusi, ule unaovimba ukilowa, na ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kandambili. Huko waliachiwa ng'ombe.

Mtu angedhani mpaka huo una maana. Ulikuwa nayo, mpaka mwaka 2012 Rais Kibaki alipofungua barabara ya njia nane kutoka Nairobi hadi Thika. Tangu siku hiyo udongo mwekundu na udongo mweusi vimekuwa kitu kimoja, kinaitwa "dakika tano kutoka lami". Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, zaidi ya mara mbili ya wale wa 2009, mji ukaipita Eldoret na Kisumu. Watu wote hao walihitaji pa kulala, nawe una rula.

Kulikuwa na Mskoti mmoja, Ian McHarg, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyechapisha mwaka 1969 kitabu kiitwacho Design with Nature. Yeye alitaka kabla hujagusa ardhi uchore ramani nyingi kwenye karatasi zinazopitisha mwanga: hii ya udongo, hii ya mito, hii ya miteremko, hii ya mahali panapofurika. Kisha uzipange moja juu ya nyingine. Palipojaa giza upaache kama palivyo, palipobaki na mwanga ndipo ujenge. Fikiria gharama ya karatasi peke yake! Sisi tuna ramani moja, ya sovea, na mto ukionekana humo ni kwa sababu ndio mpaka na jirani.

Usidanganyike pia na Tatu City, zile ekari 5,000 zilizokuwa kahawa, ambako mitaro na mabomba yalianza kuwekwa kabla ya nyumba na mwenye ploti hupewa masharti ya kujenga. Mambo hayo huchukua miaka. Wewe una deni la Juni.

Kuitayarisha kahawa kwa mazishi

Hapa hutakuwa na kazi kubwa, dunia imekusaidia. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kuuza kahawa ulivunjika Julai 1989, bei ikaporomoka, na Kenya iliyokuwa imevuna karibu tani 130,000 msimu wa 1987/88 leo haifikishi hata nusu yake. Kinachosikitisha, au kinachochekesha, kutegemea uko upande gani wa hatimiliki, ni kwamba hapa hapa Ruiru ndipo penye kituo cha utafiti wa kahawa, na mwaka 1985 wataalamu wake walitoa mkahawa mfupi, wenye kuzaa sana, usiotishwa na chulebuni wala kutu ya majani. Wakauita Ruiru 11. Leo ukitaka kuuona ukishamiri panda gari uende Nyeri au Kirinyaga. Ruiru yenyewe huzaa ghorofa. Watafiti walikuwa wamefikiria kila adui wa mkahawa isipokuwa broka.

Ng'oa yote kwa wakati mmoja. Usibakize mistari kandokando ya mteremko eti izuie udongo, itamkera sovea. Mashina usiyatupe. Shina la mkahawa wa miaka arobaini lina moto mtulivu, na nyama choma ya kuzindulia mradi itaivia humo vizuri kabisa.

Kama pana mti mkubwa wa zamani, uondoe usiku. Thika ina historia ya mti. Wakikuyu husimulia kwamba mtabiri wao Mugo wa Kibiru alisema utawala wa wazungu ungekwisha siku mugumo mmoja wa Thika utakapoanguka. Serikali ya kikoloni, badala ya kucheka, ikauzungushia chuma usianguke. Ukaanguka 1963. Sasa pameachwa bustani pale, bustani nzuri ambayo ingetoa ploti kadhaa. Funzo kwa mwekezaji ni kwamba mti ukiuachia kusimama muda mrefu unaweza kuondoka na serikali nzima.

Jina

Mahali hupewa jina la kile ulichokiondoa. Ukifukia chemchemi, ita Springs. Ukikata msitu, ita Green kitu fulani. Mto ukiusogeza, jina liwe na River ndani yake. Ukiweza kuyabana maneno matatu ya namna hiyo kwenye bango moja, ongeza laki moja kwa kila ploti na hakuna atakayeuliza, kwa sababu mnunuzi hununua jina, na jina halifuriki. Thika yenyewe imefaidi sana hapo: Elspeth Huxley alipochapisha The Flame Trees of Thika mwaka 1959, mji ukajulikana ulimwenguni kwa miti ya maua mekundu, na sifa hiyo imedumu kuliko miti yenyewe.

Hesabu ya kukata

Ekari moja ni futi mraba 43,560. Ploti ya 40 kwa 80 ni futi mraba 3,200. Gawa, upate kumi na tatu na kipande. Wakorofi watakuambia uondoe barabara, ubaki na kumi au kumi na moja. Barabara iwe ya kutosha bodaboda na jeneza. Lori la zimamoto hata hivyo halijawahi kufika.

Utatakiwa pia kutenga ploti ya umma, ya shule au zahanati. Itenge bila kinyongo. Ichore kwenye ramani kwa rangi ya kijani, uweke na mtoto anayekimbia na tiara. Baada ya miaka mitatu, ploti za wateja zikiwa zimekwisha, utagundua kwamba ile ya shule ndiyo iliyo karibu zaidi na lami.

Siku ya kuonyesha

Hii ndiyo hatua inayohitaji ufundi, kwa hiyo nitakusimulia jinsi nilivyofanyiwa mimi.

Ilikuwa Jumamosi ya Januari. Basi la bure kutoka katikati ya Nairobi, kila abiria na soda yake na mkate uliopakwa siagi. Wauzaji wenyewe sitawataja. Wapo wengi, na walinilisha. Broka wetu alivaa viatu vyeusi vyenye ncha, vimeng'aa, na katika matembezi yote ya saa nzima havikupata hata doa. Zingatia mwezi. Siku ya kuonyesha iwe kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Machi, au Agosti mambo yakikulazimu. Mwaka mzima ardhi husema ukweli, ila miezi hiyo husinzia.

Pale shambani walikuwa wamechomeka bendera ndogo nyekundu, bikoni zimepakwa rangi, na upepo ulikuwa mzuri. Udongo mweusi ulikuwa umepasuka vipande kama magamba ya kobe. Nikainama nikaokota ganda la konokono, jeupe, jepesi, tupu, dogo kuliko kucha ya kidole gumba. Yalikuwa mengi, yamelala ndani ya zile nyufa. Nikakumbuka ufuo wa kwetu, nikatia moja mfukoni. Nikachuma na unyasi mmoja, nikawa nausokota kati ya vidole huku broka akieleza namna ya kulipa kwa awamu, na shina lake lilikuwa la ajabu: halikuwa la mviringo, lilikuwa na kingo tatu, kama penseli ya mbao iliyochongwa vibaya. Nikautupa.

Miaka minne baadaye mwanafunzi wa kilimo kutoka chuo kikuu cha pale Juja, aliyekuwa amepanga chumba kwa jirani, alinieleza bila hata kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Shina la pembe tatu ni la jamii ya ndago na mafunjo, na aina ile hupenda mahali maji yanapotuama. Konokono wale ni wa majini. "Mzee, walikuachia risiti," akasema.

Wakati ule sikuwa na mwanafunzi. Nilikuwa na mzee mmoja aliyekuja akichunga ng'ombe saba, kofia ya sufu kichwani jua likiwa la saa saba. Wenzangu wa huku humwita guka, yaani babu, nami baadaye nikafuata. Akatusimamia, akatuangalia tulivyo na soda, akasema maneno marefu kwa Kikuyu. Kisha akashika fimbo yake katikati, akaigusisha gotini pake.

Katika maneno yote yale nililikamata moja, lililosikika kama "mai". Nami bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Lamu, na maji kwake yalikuwa "mai" hadi anaingia kaburini. Moyo ukaruka. Nikamuuliza broka mzee anasemaje.

"Anasema karibuni," broka akatafsiri, viatu vikimetameta. "Maji yapo."

"Na hapo gotini?"

"Bomba, bosi. Halikwenda chini sana."

Nikatia sahihi kabla soda haijaisha.

Masika yalipofika nilimleta mke wangu aone. Tulisimama kwenye lami, kwa kuwa mbele ya hapo hapakuwa na mbele. Bendera mbili zilikuwa bado zinaonekana. Bata wa mtu walikuwa wanaogelea, kama nilivyokadiria kwa kufuata bendera, sebuleni.

Tafsiri nzuri ya broka, ukiichunguza, haikuwa na uongo ndani yake. Ndiyo sifa ya fundi.

Kuhusu mito

Shamba lako likipakana na mto, hongera. Utaambiwa kuna ukanda wa kando ya mto usioguswa. Uliza wa mita ngapi, kisha uketi ustarehe. Kanuni za kilimo zilianza kuhesabu mita 2 kwa kijito chembamba. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka si chini ya mita 6 na si zaidi ya 30, kutegemea upana wa mto. Wewe ni mwananchi mtiifu, tii ile fupi. Halafu pima kutoka katikati ya maji wakati wa kiangazi, mto ukiwa umejikunyata.

Ukanda uliobaki upande mikalitusi. Inakua upesi, inaonekana kijani kwenye picha, na kila mmoja wao ni pampu isiyotumia umeme. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru ing'olewe kwenye chemchemi na maeneo oevu kwa sababu hiyo hiyo. Michuki alikuwa mtu wa kusikilizwa. Mikalitusi ilimsikiliza, ikanyauka kidogo, na alipoondoka ikachipua kwenye visiki.

Na udongo ukisombwa? Usihangaike, una pa kwenda. Chania na Thika hukutana mjini Thika, pale kwenye hoteli ya Blue Posts iliyoanza 1908, zikaenda kuingia Tana, na Tana humwaga Kipini. Ruiru, Theta na Ndarugo huenda Athi, nayo Athi ikishuka chini hubadilisha jina ikawa Galana, kisha Sabaki, ikamwaga kaskazini mwa Malindi. Kwa hiyo mahali fulani kati ya Juja na Thika matone mawili ya mvua yaliyoanguka kwa jirani na jirani huagana yasionane tena ila baharini.

Sisi watoto wa Malindi tulijua kwamba mvua za bara zikinyesha bahari yetu hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Watalii walilalamika, sisi tukaogelea tu, tukitoka na matope kwenye nyusi. Hatukuuliza yanatoka wapi. Sasa najua. Niliogelea katika mashamba ya watu miaka yote ile, kisha nikaja huku juu nikanunua mojawapo.

Maji ya kunywa na ya kukanyaga

Hapa mwongozo unahitaji utulivu wako, kwa kuwa utakuwa na maji mengi mno na maji machache mno kwa siku moja.

Anza na paa. Mvua ya milimita 50, ambayo ni alasiri moja ya Aprili, ikianguka juu ya paa la mita mraba 100 hutoa lita 5,000. Nyumba kumi na tatu kwenye ekari moja, lita 65,000. Shamba la kahawa lingezinywa nyingi, na mikahawa ingesema asante. Wewe umeng'oa mikahawa na kumshauri kila mteja aweke kabro ukuta hadi ukuta ili gari lisichafuke, kwa hiyo lita hizo zote zitatoka nje ya geti zikitafuta pa kwenda. Usichimbe bwawa la kuzipokea wala usiache bonde. Bonde ndiyo ploti zako za "bei ya kutupa".

Wakati huo huo mabomba ya mteja ni makavu. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 juu ya mto Thika huko Gatanga, lina nafasi ya mita za ujazo milioni 70, na maji yake huelekea Nairobi, yakipita Kiambu bila kubisha hodi. Bwawa la Karimenu II la Gatundu Kaskazini lilijengwa ili Ruiru na Juja nazo zionje. Mtaani kwetu, bomba huonja kwa msimu. Hivyo kila mtu huchimba kisima, na kwa kuwa ploti ni ya futi 80, kisima kikiwa pembe hii shimo la choo huwa pembe ile, na choo cha jirani huwa nyuma tu ya ukuta. Mashimo hayo matatu yakishajuana, hayahitaji mtambulishaji. Baadhi ya visima vya ukanda huu vina pia floridi inayowatia watoto meno ya kahawia. Liweke hilo kwenye bango kama "madini".

Nilichokishuhudia kwa macho yangu ni hiki. Mei moja, uwanja wetu ukiwa na maji ya kufika katikati ya muundi, tangi la ndani likiwa tupu siku ya tatu, niliagiza lori la maji, lita 10,000. Likaja. Likakata kona ya mwisho, gurudumu la nyuma likazama kwenye ule udongo mweusi, likalala upande. Dereva akashuka akiwa ameikunja suruali, akatembea hadi kwangu akiyakata maji kwa magoti, akaniambia kwa upole, "Mkubwa, maji yako yamekwama kwenye maji." Tuliyafungulia yamwagike ili lori liwe jepesi. Nilisimama mlangoni nikayatazama yakijiunga na wenzake. Nilikuwa nimekwisha kuyalipia.

Karatasi

Fupi tu. Shamba la kilimo halibadiliki kuwa makazi mpaka uombe, na umma ujulishwe. Weka tangazo gazetini siku ya mechi kubwa. Kibao cha shambani kiwe cha ukubwa wa sinia ya chai, ukisimike ndani ya ua wa kayaba, maandishi yakitazama mikahawa. Mikahawa ina siku 14 za kupinga. Ripoti ya athari kwa mazingira waweza kuazima iliyotumika Kitengela. Angalia tu umewatoa pundamilia wote. Kwenye hotuba ya uzinduzi taja kifungu cha 60 cha Katiba, kinachotaka ardhi itumiwe kwa usawa, kwa tija na kwa njia endelevu. Husomeka vizuri pakiwa na hema.

Baada ya mauzo

Matatizo yakianza wewe utakuwa umekwisha kuhamia mradi mwingine, lakini ni vizuri ujue wateja wako wanaendeleaje.

Kwanza wanachimba. Juu ya udongo mweusi huwezi kuweka nyumba ikatulia. Kila mwaka huinuliwa na kushushwa kama mtoto kwenye bembea, hadi kuta zinapasuka pembeni mwa madirisha. Fundi wangu alichimba futi tano akitafuta mahali pagumu, akautoa mweusi wote, akajaza mawe na maramu. "Hapa, mkubwa, unazika pesa kwanza, ndio unajenga," akasema, na alikuwa akisema kwa hesabu. Mawe yalitoka machimbo ya Ndarugo, si mbali, ambako nalo shimo hubaki likajaa maji. Kwa hiyo kila nyumba ya huku ina ziwa lake mahali fulani.

Halafu wanainuana. Jirani wa kwanza akiinua uwanja wake kwa futi moja ya maramu, maji yake humhamia wa pili. Wa pili huinua futi moja na nusu. Sisi tuko nyumba tisa, na kwa miaka kumi tumekuwa tukijengeana mafuriko kwa zamu, kila mmoja akimsalimia mwenzake asubuhi. Mwaka jana ilikuwa zamu yangu ya kuinua. Malori kumi na manne.

Masika ya 2024, serikali ilipoamuru wote walio ndani ya mita 30 za mito wahame, kundi letu la WhatsApp lilijadili usiku kucha kama sisi tuko kando ya mto. Mwenyekiti alisema hatupo, ramani haina mto. Mama wa nyumba ya saba akatuma video ya kiti cha plastiki kikipita dirishani kwake. Mwenyekiti akajibu kwamba hicho ni kiti, si mto. Ajenda iliyofuata ikawa kelele za vyura, na mtu akapendekeza tuchangie dawa.

Ukutani kwangu nimeandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: PLOTI HII HAIUZWI. Watu hudhani naogopa matapeli. Mke wangu anasema ni taarifa tu.

Wa kumwonea wivu ni guka. Machi ikielekea kwisha huwapandisha ng'ombe wake upande wa udongo mwekundu, Juni huwashusha. Amefanya hivyo tangu ujana, bila ramani wala kibali, na sijamwona hata siku moja na ng'ombe mwenye miguu ya matope. Ila malisho yake yamebaki vipande vipande kati ya kuta, na ng'ombe wamepungua hadi watatu. Kikuyu changu kimeongezeka wakati wa kwake ukipungua. Siku hizi namwelewa neno kwa neno.

Januari iliyopita lilikuja basi. Bendera nyekundu zilichomekwa kwenye bonde lililo nyuma ya nyumba yangu, mahali penye ndago. Akashuka kijana na mkewe, wa Kakamega kwa lafudhi, mtoto mgongoni, soda mkononi. Wakaja hadi getini kwangu kupumzika kivulini. Mtoto alikuwa ameokota kitu cheupe ardhini, anakitia mdomoni, mama akimnyang'anya. Guka akapita na ng'ombe zake. Akasimama, akawaangalia, akasema yale maneno yake marefu. Safari hii fimbo hakuigusisha gotini. Aliipandisha pajani, kwa kuwa sote tumeinua.

"Jirani," kijana akaniuliza, "mzee anasemaje?"

Guka akageuka akanitazama mimi. Nami nilikuwa nikifikiria malori yale kumi na manne ya maramu, yakigawanywa kwa nyumba tisa, kisha yakigawanywa kwa kumi.

"Anasema karibuni," nikamwambia. "Maji yapo."